Dh ya Bibi Yangu: Kwa Njia ya Kakungulu, Jinja hadi Mbale

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Msoga wa Jinja, na maji aliyaita amaadhi. Dh hiyo si ile ya dhahabu wala ya dhuluma. Ulimi unagusa nyuma ya meno ya juu, unabana pumzi kidogo, kisha unaiachia ghafla. Sisi wajukuu tulimwita Dhaadha, kwa dh hiyohiyo. Lakini kitabu cha kwanza alichopewa shuleni kilikuwa cha Kiganda, na ndani yake maji yalikuwa amazzi. Akasoma amazzi darasani, akirudi nyumbani akatumwa kuchota amaadhi. Mpaka anafariki hakupata kuandika hata barua moja kwa lugha aliyotubembelezea sisi.

Nilimkumbuka siku niliyoamua kuifuata njia iliyokileta kitabu kile. Ni safari ya takriban kilomita 150, kutoka Jinja hadi Mbale, na taksi huimaliza katika asubuhi moja. Mimi niliigawa siku tatu, nikashuka kila nilipoona pana neno la kuulizia.

Nilianzia mtoni. Hapa ndipo John Hanning Speke alipofika Julai 1862, akayapa maporomoko jina la bwana mmoja wa Kiingereza, ilhali wenyeji walikuwa na jina lao lililotokana na mawe, nalo ndilo lililobaki kwa mji. Maporomoko yenyewe hayapo tena. Yalimezwa na maji bwawa la Owen Falls lilipojengwa, likafunguliwa mwaka 1954. Ukisimama ukingoni leo unaona maji yamelala, yakienda kimya.

Mtu ninayemfuata hasa si Speke. Ni Semei Kakungulu, mkuu wa vita kutoka Buganda, aliyevuka kwenda mashariki mwaka 1899 kwa idhini ya Waingereza na jeshi la wafuasi wake. Alijenga ngome Budaka, na baadaye, Waingereza walipompunguzia madaraka, akahamia chini ya mlima Elgon na kuuanzisha mji wa Mbale. Mwaka 1906 walimleta Jinja awe rais wa baraza la machifu wa Busoga, kazi aliyoishika hadi 1913. Popote alipopita aliacha mambo mawili: barabara iliyonyooka, na mawakala wa Kiganda. Wakala aliamua kesi kwa Kiganda na kukusanya kodi kwa Kiganda. Mwalimu wa dini aliyemfuata nyuma alishika Biblia ya Kiganda, ambayo ilikuwa imekamilika kuchapishwa mwaka 1896. Wamisheni waliona hapana haja ya kuchapa nyingine kwa majirani ambao, kwa masikio yao, walisema karibu kitu kilekile.

Karibu. Neno hilo ndilo lililomla Dhaadha. Mtu mzima akisikia Kiganda na Kisoga anaelewa lugha zote mbili bila shida sokoni. Mtoto wa miaka sita anayejifunza kwamba kila alama ubaoni ni sauti iliyomo kinywani mwake, akakuta alama nyingine hazimo na sauti zake nyingine hazina alama, anajifunza jambo la pili kimyakimya: kwamba kinywa chake kina kasoro.

Kutoka Jinja nilipita Bugembe, makao ya ufalme wa Busoga, nikaupita mlima wa Mwiri, ambako shule maarufu ya Busoga College ilihamia mwaka 1933. Halafu mashamba ya miwa ya Kakira, yaliyoanzishwa na Muljibhai Madhvani. Huku ndiko nilikosikia Kiswahili utotoni. Baba alikuwa mtu wa reli, na wenzake walitoka Nyanza, Ukambani na Acholi. Kambi ya jeshi, reli, polisi na miwa viliongea Kiswahili kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine ya kuwakutanisha watu wale. Hakikuletwa na mwalimu. Kililetwa na kazi.

Gavana William Gowers alitaka kukiingiza darasani. Mwaka 1927 aliandika waraka akipendekeza kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929, na maaskofu nao wakapinga. Hofu ya Buganda haikuwa ya kijinga: waliona nyuma ya Kiswahili mkono wa masetla wa Kenya na mpango wa kuziunganisha nchi hizi chini yao. Lakini katika mabishano yote yale, kati ya gavana, Kabaka na askofu, aliyesahaulika ni mtoto wa Busoga na wa Bugisu. Mmoja alimtakia Kiganda, mwingine Kiswahili. Kufikia 1952 Kiswahili kilikuwa kimeondolewa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa shuleni. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini tangazo halikuja na vitabu wala walimu. Kilichokuja ni askari vizuizini, na wengi waliokizoea Kiswahili pale hawajakisamehe hadi leo.

Mimi nilikuwa darasani miaka hiyo. Katika shule niliyosoma palikuwa na kipande cha mbao chenye uzi. Ukinaswa unaongea Kisoga ulivishwa shingoni, na ulikaa nacho mpaka umnase mwenzako. Nilikivaa Jumatatu moja kutwa kwa sababu niliumwa na siafu, nikapiga kelele kwa lugha ya nyumbani. Nani huumwa na siafu akakumbuka kutafsiri?

Baada ya Iganga, pale Nakalama, unaiacha barabara kuu ya Tororo na kushika ya Tirinyi. Namutumba nilikaribishwa katika shule moja ya msingi, nikaketi nyuma ya darasa la kwanza. Watoto walipita themanini. Mwalimu, mama wa makamo, aliinua dumu la manjano juu ya kichwa chake, akauliza ndani mna nini. Amaadhi! Akaandika ubaoni, akakata silabi kwa kiganja, watoto wakapiga makofi: a, maa, dhi. Niliiona ile dh ikiandikwa kwa chaki, herufi mbili, mbele ya watoto themanini wasiojua kwamba kuna mtu ameisubiri miaka hamsini. Kijana mmoja mdogo akanyoosha mkono, akauliza kwa Kisoga kwa nini dumu likiachwa wazi juani maji hupungua na hakuna aliyekunywa. Mwalimu akamwambia jambo hilo watalisoma wakifika mbele.

Nilivuka uwanja kwenda darasa la nne, na kwa bahati walikuwa wamelifikia. Mwalimu alisema kwa Kiingereza neno refu lenye maana ya maji kugeuka mvuke. Darasa likalirudia mara tatu kwa pamoja, kwa sauti nzuri ya kwaya. Akauliza kama kuna swali. Hapakuwa na swali. Wakaandika neno katika daftari na kulipigia mstari.

Huo ndio mtaala ulioanza mwaka 2007. Ulitokana na kazi ya tume ya Profesa William Senteza Kajubi na waraka wa serikali wa 1992, na kwa darasa la kwanza hadi la tatu unaagiza lugha ya eneo. Darasa la nne ni la kuvukia, na kuanzia la tano ni Kiingereza peke yake. Nauheshimu mtaala huo, kwa maana bila huo dh isingefika ubaoni. Kosa lake ni kwamba umejenga daraja la kwenda tu. Ukishavuka, nyuma yako linavunjwa. Mtoto anaachishwa lugha ya kufikiria mwaka uleule masomo yanapoanza kuhitaji fikra.

Kwingineko wamejaribu tofauti. Miami, Marekani, mwaka 1963, shule ya Coral Way iliwaweka pamoja watoto wa wakimbizi wa Kuba na watoto wa Kimarekani. Nusu ya siku walisoma kwa Kihispania, nusu kwa Kiingereza, na kila upande ukajifunza lugha ya mwenzake. Hakuna aliyeachishwa yake, na Kiingereza cha watoto wale hakikupungua. Nigeria, kuanzia 1970, Profesa Babs Fafunwa na wenzake wa Ife walifundisha kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza kikawa somo lililoshikwa na mwalimu wake maalumu. Watoto hao waliwapita wenzao waliobadilishiwa lugha katikati, hata katika Kiingereza chenyewe. Na hapa kwetu, katika eneo la Lango, mradi wa kusoma kwa Kilango ulileta maendeleo makubwa pale ambapo walimu walifunzwa vizuri, wakatembelewa na kupewa vitabu. Walipojaribu toleo la bei nafuu, faida ilipungua na uandishi wa watoto ukazorota. Kwa hiyo lugha ya nyumbani haifanyi muujiza kwa jina lake tu. Inataka kitabu, na mwalimu aliyefunzwa kukitumia.

Ng'ambo ya mto Mpologoma, penye mashamba ya mpunga, Kisoga kinaanza kuchanganyika na Kigwere. Ukifika Budaka, ilikokuwa ngome ya Kakungulu, Kigwere kimeshika. Kisha mlima unajitokeza, na mtu wa kwanza uliyemkanyagia mguu ndani ya taksi anakujibu “mulembe”, yaani amani. Kule Jinja ilikuwa “kodheyo”.

Wamasaaba, wenyeji wa huku Bugisu, walikuwa na bahati kidogo. Mmisheni J. B. Purvis, aliyeishi kwenye miteremko hii, alichapisha sarufi ya lugha yao mwaka 1907. Hata hivyo Kiganda kilitawala kanisani na shuleni kwa muda mrefu. Kakungulu mwenyewe aliihama dini ya wamisheni, na mwaka 1919 akaanzisha jumuiya ya Wayahudi ambayo ipo hadi leo pembeni ya Mbale. Kwenye kilima cha Nabugoye zaburi huimbwa kwa Kiebrania, na huimbwa kwa Kiganda vilevile, karne moja baadaye, na watu ambao wengi wao si Waganda. Lugha ikipewa kazi ya moyoni haihami.

Sokoni Mbale nilimwuliza muuza nyanya mmoja, mama wa watoto wanne, wanasoma kwa lugha gani. Kiingereza toka siku ya kwanza, akasema, kama ilivyo katika shule nyingi za mjini, ambako lugha ni nyingi na hakuna inayokubaliwa na wote. Alinijibu kwa Kiswahili safi alichokiokota kwa wanunuzi kutoka Kenya. “Bwana, mtihani wa darasa la saba unakuja kwa Kiingereza. Nikimfundisha Kimasaaba, mtihani utamwuliza Kimasaaba?” Sikumbishia. Mzazi anasoma mtihani kabla ya kusoma sera, na hapo hana kosa.

Kwa hiyo ombi langu nalipeleka kwa wanaotunga mtaala na mtihani, wala si kwa yule mama. Baraza la Mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ni uamuzi mwema. Lakini kisije kikafanywa wakala mwingine wa Kakungulu, cha kumwondolea mtoto alichonacho. Kiingie kando ya Kisoga na Kimasaaba, na mtoto wa Msoga akae dawati moja na mtoto wa reli, kila mmoja akimfundisha mwenzake. Lugha ya nyumbani isiishie darasa la tatu. Ibebe sayansi hadi la saba, bega kwa bega na Kiingereza, na mtihani wa mwisho uwe na karatasi yake. Yule kijana wa Namutumba amebakiza miaka mitatu kulifikia jibu la swali lake, na swali lenyewe ameshaliuliza kwa Kisoga.