Joto la Bomba: Maarifa ya Mkono katika Historia ya Upulizaji wa Kioo

Upulizaji wa kioo ulianza katika pwani ya mashariki ya Bahari ya Kati katika karne ya 1 kabla ya Kristo. Hata hivyo, maandishi mashuhuri ya fani hii hueleza malighafi kwa kirefu kuliko kazi ya mikono. Katika L'Arte Vetraria, kilichochapishwa Florence mwaka 1612, Antonio Neri alifundisha kusafisha chumvi ya majivu na kukitia kioo rangi. Mwanagenzi aliyekisoma angeweza kuyeyusha kioo safi, asiweze kukichota kwa bomba.

Kioo cha kawaida hufanyiwa kazi kwenye joto la takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kikigusa chuma baridi, ngozi yake huganda kabla ya kushika, na donge huegemea upande mmoja au hudondoka. Kwa hiyo ncha ya bomba hupashwa kwanza, na fundi huipima kwa kuitazama rangi yake. Fimbo ya kushikia kitako huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hutumika chombo kikiwa karibu kukamilika: ikiwa baridi mno, chombo huanguka au hupasuka mdomo wake ukifunguliwa, na kazi yote hupotea. Si kila zana hupashwa, lakini. Kata za mbao hulowekwa majini, na bamba la chuma la kuviringishia huachwa poa makusudi. Agizo la jumla kwamba zana zipashwe, analopewa mwanagenzi, halimtoshi. Hana budi kujua joto la kila moja.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Toledo, Ohio, mwaka 1962. Harvey Littleton, mfinyanzi na mhadhiri, aliitisha warsha ya kuthibitisha kwamba msanii aweza kupuliza kioo katika tanuri dogo, nje ya kiwanda. Tatizo la kuyeyusha lilitatuliwa kwa msaada wa Dominick Labino, aliyependekeza gololi za kioo. Ama kupuliza kwenyewe, washiriki walionyeshwa na Harvey Leafgreen, fundi mstaafu wa kiwanda cha Libbey.

Harakati iliyozaliwa hapo huelezwa kwa kawaida kuwa ni ya wasanii kujitenga na kiwanda. Kuhusu tanuri, maelezo hayo yanakubalika. Kuhusu mkono yana upungufu mkubwa, kwa sababu yanamfanya Leafgreen kuwa mgeni wa siku chache, ilhali ndiye aliyebeba maarifa ambayo vitabu havikuyahifadhi.