Wanawake, Balo na Telefone
Mwezi wa 10 mwaka 1998 wanawake wa Kongo walikuwa wa tatu Afrika kwa balo, kule Nigeria. Mimi nilikuwa ningali mgongoni mwa mama. Huku kwetu vita ilikuwa imeanza tangu Agosti. Habari ilikuwa ya mwenye redio na mawe yake. Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe walishinda AS FAR 1-0, wakachukua kombe la klabu za Afrika: tuliona picha kwenye WhatsApp.

Kwangu, kombe si jambo kubwa. Leo binti wa Butembo ao Beni anayetaka futingi anauliza kwanza kwenye grupe: nani anatoka, njia iko salama? Ila picha yake na kaptula inazungushwa na matusi. Dada mmoja ninayemjua aliacha kukimbia juu ya hiyo, si juu ya risasi.