Kitovu Kisichodondoka (Sehemu ya 4)

Wengi mmeniuliza inbox kuhusu kitovu cha mtoto kuchelewa kudondoka. Kabla sijajibu, tukaangalie chura wa mwaka 1867.

Mwaka huo Mjerumani Julius Cohnheim alitandaza utando wa utumbo wa chura chini ya hadubini. Sehemu ilipoanza kuvimba, akaona seli nyeupe za damu zinang'ang'ania ukuta wa mshipa, halafu zinajipenyeza kutoka nje. Kumbe usaha unatokana na damu! Lakini seli zinajuaje mahali pa kushuka? Hilo lilibaki swali kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1979 madaktari wa London waliandika kwenye jarida la The Lancet kuhusu watoto wachanga ambao vitovu vyao vilichelewa kudondoka, maambukizi yakawaandama, na seli zao nyeupe zilikuwa nzito kutembea. Kwa watoto wenye tatizo hili, damu hujaa seli nyeupe, ila kidonda hakitoi usaha. Sisi tumezoea kuogopa usaha, hapa kukosekana kwake ndiyo hatari. Ni kama abiria wamefika kituoni, mlango wa daladala haufunguki.

Miaka ya 80 kilichokosekana kikajulikana: protini za juu ya seli, za ukoo ulioitwa integrini. Zichukulie kama mikono iliyokunjwa. Kidonda kikituma ishara za kemikali, ishara inaingia ndani ya seli, na seli yenyewe inakunjua mikono, inashika ukuta wa mshipa na kupita. Hata kitovu hukatika kwa msaada wa seli hizo hizo zinazofika pale shinani.

Kufikia 1987 ikajulikana kasoro iko kwenye jeni, na mtoto huirithi kwa baba NA mama, wote wakiwa wazima kabisa. Kwa hiyo mama usikubali kuambiwa ulivunja mwiko, au ulikula nini sijui. (Wakwe mnaosoma, nawasalimu!)

Ugonjwa huu ni nadra sana. Vitovu vingi hudondoka ndani ya wiki 1 hadi 2, na wengi wanaochelewa ni wazima tu; hata kupaka spiriti kunaweza kuchelewesha. Usipake majivu wala mate. Kikipita wiki 3, mpeleke mtoto kliniki akaangaliwe. Kukiwa na wekundu kuzunguka kitovu, harufu mbaya, homa au mtoto hanyonyi, usisubiri kupambazuke.