Kuchagua Mtaa wa Nyumba ya Kuishi na Wapangaji Dar es Salaam

Mwananchi anayenunua nyumba ya kwanza jijini Dar es Salaam, akikusudia kuishi humo na kupangisha vyumba vilivyobaki, huvutwa kwanza na bei. Hapo ndipo penye hatari. Jangwani na Kigogo ni karibu na Kariakoo na wapangaji hawakosekani, lakini sehemu za maeneo hayo zimo katika bonde la Mto Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya wakazi wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Kimara ina unafuu wa mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016. Hata hivyo, mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kuomba upekuzi rasmi wa hati kwa Msajili wa Hati. Saini ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa peke yake haithibitishi umiliki. Ni vyema pia kuutembelea mtaa wakati wa masika na kuwauliza wapangaji maji hufika wapi.