Inanga njiani Kasulu hadi Kibondo

Anayetafuta muziki wa ikulu wa Buha, nchi ya Waha, huanzia Heru Juu, karibu na Kasulu mjini, kwenye makao ya mwami (mfalme) wa Heru. Mwaka 1946 kiti cha mwami alikikalia mwanamke, Theresa Ntare. Mwaka 1963 utemi ukafutwa nchi nzima, na ngoma za mwami zikakosa wa kupigiwa.

Ndugu za muziki huo walirekodiwa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alizunguka Burundi na kinasa sauti, na kampuni ya Ocora ya Paris ikatoa santuri. Ngoma zake zilifika mbali. Mwimbaji Joni Mitchell alizitia katika wimbo wake wa mwaka 1975. Nikichagua rekodi ya kusikiliza njiani, ngoma hizo hazinisumbui, maana hata redio mbovu haiziui. Kazi ipo kwenye inanga.

Ni ubao uliochongwa kama chano kirefu. Kamba moja hupitishwa huku na huko kwenye meno ya ncha zake mpaka zipatikane nyuzi nane hivi. Kwa mtindo wa Burundi unaosifika zaidi, mpigaji haimbi, ananong'ona. Mnong'ono hauna kupanda wala kushuka, ilhali Kirundi, sawa na Kiha, hutegemea toni. Basi nyuzi ndizo zinazopandisha na kushusha maneno. Mtafiti Cornelia Fales alieleza miaka ya 1990 jinsi sikio linavyoviunganisha viwili hivyo likadhani mnong'ono wenyewe unaimba.

Ndiyo maana mimi huchagua rekodi ya inanga kwa pumzi, yaani kama mnong'ono unasikika. Ukipita Makere kuelekea Kibondo, kila senta ina kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, na faili hubanwa ili zienee nyingi. Zikibanwa mno, hukatwa masafa ya juu, na mnong'ono umo humo. Unabaki na nyuzi zinazolia peke yazo, na anayeuza anakuapia kwamba wimbo umekamilika!

Rekodi za Rujindiri, bingwa wa inanga wa Rwanda, hazidhuriki sana hivyo, kwa kuwa yeye aliimba kwa sauti. Anayetaka kujua ikulu zilisikikaje aanze naye. Lakini Muha mwenye earphone nzuri asiiache santuri ya Vuylsteke: mnunuzi wa Paris alilazimika kusoma maelezo ya jaladani, lakini Muha atadaka maneno mengi bila mkalimani.