Nguo ya Mazoezi: Ipi Inakupoza, Ipi Inakupika?



Jumamosi moja ya mwezi wa pili, Dar ikiwa inachemka, tulikuwa tunakimbia kuelekea Coco Beach. Mshkaji wetu mmoja alikuwa ndani ya ile suti ya nailoni ya kutoa jasho, juu yake kapiga sweta la kofia. Alitaka kitambi kiishe kabla ya harusi yake. Kilomita ya sita akaanza kuyumba, ukimuuliza kitu anajibu vingine kabisa. Tukamvua, tukammwagia maji, tukamkimbiza hospitali. Alipona, lakini hofu ile sijaisahau. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma sana hii kitu, na nawaletea nilichokielewa.

Ukikimbia, ni kama robo tu ya nguvu inayotumiwa na misuli inayokusukuma mbele. Nyingine yote inageuka joto, na lazima litoke mwilini. Sehemu inachukuliwa na hewa inayopita kwenye ngozi, lakini hewa ya nyuzi 32 haina nafasi kubwa ya kupokea joto la ngozi yenye nyuzi 34 au 35. Linabaki jasho. Lita moja ya jasho ikikauka kwenye ngozi inaondoka na kama kilokalori 580 za joto. Shikeni hilo neno "ikikauka". Jasho linalodondoka barabarani halijakupoza chochote, umepoteza maji bure. Ndio maana mtu wa Dodoma, kwenye hewa kavu, anakimbia kwenye joto lilelile na hateseki kama sisi wa Pwani. Hewa yetu imeshiba unyevu, jasho linakosa pa kwenda.

Kwa hiyo fulana yenyewe haitengenezi baridi. Ama inaliacha jasho likauke, ama inalizuia.

Pale Karume huwa tunajidanganya wenyewe. Unashika kitambaa laini cha kuteleza, unasikia ubaridi mkononi, unasema hii ndiyo yenyewe! Ule ubaridi ni joto la kiganja chako linahamia kwenye kitambaa. Kikishapata joto, sekunde chache tu, mchezo umekwisha. Mimi siku hizi nafanya hivi: naweka kitambaa mdomoni napuliza. Pumzi ikipita bila kulazimisha, hewa nayo itapita. Halafu, mwenye meza akikubali, nadondosha tone la maji upande wa ndani. Likitawanyika haraka, jasho nalo litatawanyika na kukauka. Likikaa kama shanga juu ya jani la mgomba, narudisha nguo.

Pamba je? Nyuzi za pamba zinakunywa maji na kuyashikilia. Kwa kutembea au mazoezi mepesi pamba ni tamu, wala msiidharau. Lakini kwa kilomita kumi fulana inalowa, inakuwa nzito, inagandamana na mgongo na kuziba njia ya hewa. Ukisimama kupumzika kwenye baridi ya asubuhi ya Arusha, unatetemeka. Poliesta nyuzi zake hazinywi maji karibu kabisa, jasho linapita katikati ya nyuzi hadi nje na kukauka huko. Ila msikimbilie lebo! Poliesta iliyofumwa kwa kubana, isiyo na matundu, ni mfuko wa plastiki wenye mikono.

Na zile fulana zetu za klabu za jogingi, zenye picha kubwa ya mfadhili kifuani na mgongoni? Ile rangi nene kama mpira haipitishi kitu. Pitisha mkono chini yake baada ya kukimbia uone palivyolowa. Waambieni viongozi wenu waweke nembo ndogo.

Rangi nyeusi inameza jua zaidi, hilo kweli, ila alfajiri kabla ya jua haina tofauti. Na upana wa nguo una kazi yake. Mwaka 1980 jarida la Nature lilitoa utafiti wa jangwa la Negev kuhusu majoho meusi ya Wabedui. Aliyevaa joho jeusi hakupata joto kuliko wa joho jeupe, kwa sababu joto la ziada lilipeperushwa na hewa ndani ya joho pana kabla ya kufika kwenye ngozi. Ukivaa nyeusi ya kubana juani, usitegemee bahati hiyo.

Sasa turudi kwenye suti ya nailoni. Kilo unayopungua ni maji, ukinywa lita moja imerudi. Mafuta hayatoki kwa jasho. Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki katika muda wa wiki chache wakijipunguza uzito kwa haraka, wakifanya mazoezi kwenye joto wamevaa suti zisizopitisha hewa. Mwanzoni mwa 1998 suti hizo zikapigwa marufuku kwenye mieleka ya vyuo kule.

Mwenzako akianza kuyumba, kutapika au kuongea pumba, usisubiri, na usidanganyike eti bado anatoka jasho. Mtoe juani, mvue, mwagia maji mwili mzima huku mkimpepea kwa nguvu, na mtu mwingine atafute gari la hospitali. Kama hajitambui vizuri msimnyweshe kitu, atapaliwa.