Ulinzi wa simu na kompyuta: Kwa nini wengi huukwepa

WATAALAMU wa usalama wa kompyuta wamelalamika kwa miongo kadhaa kwamba watumiaji wa kawaida hawajali. Nywila huwa ni mwaka wa kuzaliwa, onyo linalojitokeza kwenye skrini hufungwa kabla halijasomwa, na namba ya siri ya kutolea fedha hutajwa kwa sauti mbele ya wakala. Malalamiko hayo yana ukweli, lakini hayaelezi chanzo, kwani mtu huyohuyo hufunga mlango wa nyumba yake kila usiku bila kukumbushwa na yeyote.

Nyumba zenyewe zina la kufundisha. Katika kisiwa cha Songo Mnara, kusini mwa Kilwa Kisiwani mkoani Lindi, yamebaki magofu ya mji uliostawi kati ya karne ya 14 na ya 16. Pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani, magofu hayo yaliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ambayo inataja misikiti mitano, jumba la kifalme na nyumba 33 za mawe ya matumbawe na mbao ndani ya kuta za mji. Nyumba hizo zilipangwa kwa hatua. Mgeni alipokelewa uani, penye ngazi na mahali pa kukaa. Vyumba vya familia vilikuwa nyuma, na kadiri mtu alivyozidi kuingia ndani ndivyo faragha ilivyoongezeka. Mpango wa aina hiyo unafahamika pia katika nyumba za mawe za Lamu. Aliyeketi barazani hakujiona amezuiliwa, bali amekirimiwa, ilhali mwenye nyumba na mali yake walibaki salama.

Watengenezaji wa kompyuta walilijua jambo hilo mapema, walau kwa maandishi. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, mwanaisimu mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Ufaransa, alichapisha kanuni sita za maandishi ya siri ya kijeshi. Ya sita ilitaka mfumo uwe rahisi kutumia, usiomlazimisha mtu kukumbuka mlolongo mrefu wa masharti. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa Marekani waliirudia hoja hiyo kwa upande wa kompyuta. Hata hivyo, Alma Whitten na J. D. Tygar walipochapisha mwaka 1999 matokeo ya jaribio lao la programu ya kuficha barua pepe, ilibainika kuwa kati ya washiriki 12 waliopewa dakika 90, ni theluthi moja tu waliofaulu kutuma barua ipasavyo. Watatu waliituma siri ikiwa wazi.

Miaka 10 baadaye Cormac Herley, mtafiti wa kampuni ya Microsoft, alitoa hoja iliyowaudhi wengi: mtumiaji anayepuuza ushauri wa usalama mara nyingi anapiga hesabu sahihi, kwa kuwa muda anaodaiwa ni mwingi kuliko hasara anayoepushwa. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza nywila zibadilishwe kila baada ya muda fulani, desturi iliyowafanya wafanyakazi wengi kuongeza tarakimu moja mwishoni na kuendelea na kazi. Mafanikio makubwa yalipatikana pale ambapo mtumiaji hakudaiwa lolote. WhatsApp ilipokamilisha mwezi Aprili 2016 kufunga ujumbe wote kwa maandishi ya siri, zaidi ya watu bilioni moja walipata ulinzi huo bila kubonyeza kitu.

Kwa Watanzania wengi, kompyuta inayobeba fedha ni simu ya mkononi. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008, na kwa mkazi wa kisiwani ambaye tawi la benki liko ng'ambo ya maji, huduma za namna hiyo zimepunguza safari. Ulinzi wake ni namba ya siri ya tarakimu nne, pamoja na jina la mpokeaji linaloonyeshwa kabla ya mtumaji kuthibitisha. Jina hilo ni hatua nzuri: fupi na yenye maana kwa kila mtu. Matapeli nao waliliona. Ujumbe wao unaofahamika sana humtaka mpokeaji aitume ile hela kwenye namba nyingine, kisha humtajia kabisa jina litakalotokea. Anayeupata ujumbe huo siku anayopaswa kulipa kodi ya nyumba au ada ya mtoto huliona jina, akaridhika, akathibitisha. Kipimo kilichowekwa kumlinda kinamhakikishia tapeli.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, na usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Hatua hizo hurahisisha kumsaka mhalifu, lakini hazibadilishi kile anachokiona mtumaji. Onyo linaloeleza kwamba namba hiyo hajawahi kuitumia fedha lingemfaa zaidi kuliko jina peke yake.

Upungufu mwingine hauna budi kutajwa. Ushauri wa kutomwambia mtu yeyote namba ya siri ni sahihi, ila humwacha njia panda mzee asiyesoma, ambaye bila mjukuu au wakala hawezi kutumia simu yake. Alama ya kidole nayo husumbua vidole vilivyochakaa kwa jembe na kamba za nyavu. Mzee huyo anahitaji baraza ndani ya simu, yaani ruhusa ya msaidizi kuangalia salio na kusoma ujumbe pasipo uwezo wa kutoa fedha. Kumkataza tu hakujamsaidia.

Kwa sasa, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inawataka wananchi kutuma ujumbe wa kitapeli kwenda namba 15040, na kupiga *106# ili kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao cha Taifa.